Ombi la Kumwachisha Binti Yangu Kutenda Mnayomfundisha

Kizota,
Dodoma.
12 Agosti

Mkuu wa Idara ya Mazingira na Maendeleo Endelevu,
Chuo Kikuu cha Uwanda wa Kati,
Dodoma.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: BINTI YANGU VIOLETH YORAMU NDAHANI, MWAKA WA TATU, KUTENDA ANAYOFUNDISHWA

Kichwa cha barua hii nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa. Pokea salamu za mzazi mwenzako, ikiwa una watoto. Na ikiwa bado, pokea za jirani wa chuo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nilipostaafu, na mara nyingi nilikuwa nikiitwa kusahihisha mitihani. Sisemi hivi kwa kujivuna. Nataka ujue kwamba malalamiko haya yanatoka kwa mtu anayeiheshimu elimu, hasa ile inayokaa mahali pake.

Mahali pa elimu ni wapi? Naomba nifafanue kidogo. Mtihani una vitenzi vyake: taja, eleza, fafanua, linganisha, jadili. Katika karatasi zote nilizosahihisha, sikuwahi kukutana na swali linalosema "tenda." Mitihani ya idara yako binti yangu huileta nyumbani. Mnaiandika kwa Kiingereza, lakini nimeitafsiri, nikafurahi kuona kwamba nanyi mmeishika mila hiyo. Mnauliza, "Eleza faida za kuokoa maji." Eleza, basi. Hakuna mahali mlipoandika "funga bomba." Kwa hiyo lawama yangu si kwa maswali yenu. Lawama yangu ni kwamba hamkumwonya mapema mwanafunzi mmoja kwamba maswali ndiyo mwisho wa safari.

Tulimleta kwenu apate shahada. Amepata tabia.

Ili usidhani kwamba familia yangu ni ngeni katika mambo haya, nikukumbushe kwamba mwaka jana wanafunzi wenu walipita mtaani kwetu na dodoso la utafiti kuhusu uelewa wa uendelevu na tabia za kijani za kila siku. Mke wangu Hilda alikutwa mlangoni. Kijana akamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, je, una tabia za kijani?" Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma, na mke wangu akasikia "tabia za kijana." Akajibu, "Marahaba. Nilikuwa nazo, mwanangu, lakini niliokoka." Kijana akashukuru, akaandika. Nimeambiwa kwamba katika majedwali yenu yuko mtu mmoja wa Kizota aliyeacha uendelevu kwa sababu za kidini. Ndiye huyo.

Neno lenyewe mimi nalielewa. Kiambishi ki- huonyesha namna ya kitu: kitoto ni kwa namna ya mtoto, kijeshi ni kwa namna ya jeshi. Kijani, basi, ni kwa namna ya jani. Sasa, jani la Dodoma lina namna gani? Huchipua Desemba, hupendeza mpaka Aprili, kisha hukauka, huanguka, na upepo wa Julai hulibeba kulipeleka Singida. Mtu mwenye tabia za kijani hapa kwetu, akifuata sarufi na hali ya hewa, anatakiwa kuwa nazo miezi hiyo tu. Wanafunzi wenu wengi wameuelewa msimu huu vizuri sana. Katika wiki yenu ya mazingira huvaa fulana za kijani, huimba, hutembea kwa miguu mpaka kwenye lango la chuo, na wiki ikiisha wanapukutika. Violeth hapukutiki. Leo ni Agosti, nchi nzima imekuwa rangi ya kahawia, yeye bado.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa ya baraza. Tangu tuwekewe umeme, taa hii ilikuwa ikiwaka usiku na mchana, na ndiyo iliyokuwa anwani yetu. Watu walimwelekeza mgeni hivi: "Nenda mbele, nyumba inayowaka taa mchana." Violeth ameizima. Nilipomuuliza akasema, "Baba, saa saba mchana inamwangazia nani? Jua?" Mzee kuulizwa swali barazani kwake ni jambo zito. Wiki hiyohiyo binamu yangu Zablon, ambaye ni dalali wa mahindi Kibaigwa, alikuja kututembelea. Hakuiona taa, akapitiliza mpaka nyumba ya tatu, wakamkaribisha, wakampa wali kwa kuku. Siku hizi akija mjini hafiki kwangu hata akiambiwa. Anasema kule amezoea.

2. Bakuli. Ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki, sisi watu wazima tulitii. Tukaanza kununua mfuko mbadala kila tuendapo sokoni, na tukirudi tunauweka chini ya godoro. Godoro letu limeinuka, na mimi na mke wangu tunalala juu ya utunzaji wa mazingira. Huo ulikuwa utaratibu mzuri usiomuumiza mtu. Violeth ameuvunja. Ananipa bakuli lenye mfuniko niende nalo buchani.

Huenda hujui, Mkuu wa Idara, maana ya mzee kuingia buchani Kizota akiwa na bakuli. Sila, mwenye bucha, ambaye nilimfundisha kidato cha pili, aliniona tangu mbali akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Mwalimu! Damu ya kulisha mbwa wameshachukua, uwahi kesho asubuhi!" Nikamweleza kwamba nataka nyama kilo moja, na kwamba bakuli ni la uendelevu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Shikamoo mwalimu. Hali ni ngumu kwa kila mtu." Akaniongezea mfupa. Tangu siku hiyo watu wa mtaa wananisalimia kwa sauti ya chini, kama ninavyosalimiwa nikitoka hospitali.

3. Alama. Hapa nataka kumsifu mwanafunzi wenu mwingine, Gaudence, mwenyekiti wa klabu ya mazingira. Kijana safi, ana adabu, ana sauti. Alikuja kwetu na wenzake kujisomea kabla ya mtihani. Alieleza uhaba wa maji katika kanda ya kati kwa ufasaha mkubwa, mpaka machozi yakanilenga, huku bomba la uani alikotoka kunawa mikono likiendelea kutiririka. Violeth akanyanyuka kwenda kulifunga. Tofauti ya elimu ikaonekana palepale: waliobaki waliisikia hoja mpaka mwisho, aliyetoka aliikosa. Matokeo yalipobandikwa, Gaudence alipata A, Violeth akapata B.

Tena, kwa upande wa lugha, Gaudence hakukosea. Endelevu ni kivumishi kinachotokana na kuendelea, kama vile sikivu linavyotokana na kusikia na nyamavu na kunyamaza. Matumizi endelevu ya maji ni matumizi yasiyokoma. Aliyelifunga bomba ndiye aliyeyakomesha. Nilimweleza binti yangu hivyo mezani, taratibu, kwa mifano. Akasema, "Ni kweli baba, ila tanki nalo si sikivu." Ona jinsi anavyojibu.

4. Mashimo. Siku ya Mazingira huangukia Juni, na Juni hapa kwetu mvua imeshaondoka bila kusema itarudi lini. Kila mwaka mgeni rasmi hufika chuoni, hupanda mche, hupigwa picha, huondoka. Mche nao huondoka baada yake, kwa njia yake. Mwaka unaofuata mgeni rasmi mwingine hupanda katika shimo lilelile. Mimi, kama jirani mwalikwa, nilikuwa nikiusifu sana utaratibu huu. Shimo moja kuwahudumia wageni rasmi wengi ndiyo matumizi ya marudio mnayoyafundisha. Hata jembe lilipumzika.

Mwaka jana Violeth alinyoosha mkono katikati ya sherehe. "Samahani mheshimiwa, kesho atakayeumwagilia ni nani?" Mshereheshaji akacheka, akidhani ni utani uliopangwa. Mheshimiwa akatazama viatu vyake. Ningefikiri mambo yameishia hapo. Lakini Desemba, mvua ya kwanza ilipogusa ardhi, binti yangu na wenzake wachache walikwenda kupanda miche katika shimo lile na mengine ya kando yake, bila mgeni rasmi, bila turubai, bila hata kipaza sauti. Ikashika.

Matokeo yake umeyaona mwenyewe Juni hii. Mgeni rasmi amefika, amekabidhiwa jembe jipya lenye utepe, na kila shimo lina mti. Ilibidi asimame kando ya mti uliokwisha kuota, ashike tawi, apigwe picha kama mtu aliyepotea njia. Nakuuliza wewe msomi: ikiwa miti itaanza kuota, sherehe za kupanda miti zitakuwa na mustakabali gani?

5. Sendofu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hayo mengine ningeyameza na maji ya kunywa.

Dada yake Violeth, Restuta, anaolewa na kijana anayeitwa Optatus, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tunafanya sherehe ya kumuaga. Wakwe zetu wanatoka Bukoba, mahali ambapo migomba huwa ya kijani mwaka mzima bila kusomea. Ni mara yao ya kwanza kufika Dodoma. Watashuka kwenye basi, wataona vumbi, miti mitupu na punda. Heshima yote tutakayoweza kuwaonyesha ni ya ukumbini. Na ndani ya ukumbi huo Violeth ndiye katibu wa kamati ya maandalizi, na ndiye mpambe wa bibi harusi. Naomba uutafakari uzito wa nafasi hizo mbili zikiwa mikononi mwa mtu aliyesoma kwenu.

Alianza na maputo. Baba yake mdogo Joshua, mwenyekiti wa kamati, akasema sherehe isiyo na maputo ni msiba uliopakwa poda. Violeth akamjibu kwa heshima, "Sawa baba mdogo. Ila yakishapasuka, vipande vinapeperuka mpaka kwa mbuzi. Mbuzi wa karibu na ukumbi ni wa nani?" Ni wa Joshua. Maputo yakafa bila kupigiwa kura. Kikao kilichofuata zikaondoka sahani za kutupa, tukaambiwa zitakodiwa za udongo na tutaziosha. Kisha matufaha ya meza kuu, yanayotoka ng'ambo ya bahari na kila moja limebandikwa karatasi yake kama hati ya kusafiria, yakaondolewa, zikawekwa zabibu za Hombolo. Nikasimama. Nikaeleza kwamba mgeni hapewi kitu kinachoota kwa mwenyeji. Hiyo si karamu, ni kumwonyesha shamba. Wajumbe wakanisikiliza, wakanishukuru kwa mchango wangu, wakaagiza zabibu.

Juzi akagusa maji. Alipendekeza kwamba maji ya chupa yasinunuliwe kabisa. Maji yachemshwe nyumbani, yapoe, yajazwe katika mitungi ya shangazi yake Anyesi, na wageni wanywe kwa bilauri. Nilimtegemea Anyesi akatae, maana ni mtu wa makuu na hupenda kila sherehe iwe ya kukumbukwa. Badala yake akauliza, "Mnataka mitungi yangu yote au mnaniachia mmoja?" Akaongeza kwamba maji ya mtungi yanazizima kuliko ya friji, na kwamba yeye mwenyewe maji ya chupa yanampa kiungulia, ila hakuwahi kuulizwa.

Naomba nikufafanulie kuhusu maji ya chupa, kwa sababu huenda katika vitabu vyenu mmeandika kwamba ni ya kunywa. Siyo. Katika sherehe zetu chupa ya maji mezani ni kama tai shingoni: haina kazi, lakini asiye nayo huulizwa. Mgeni huifungua, hunywa funda moja, huiacha. Chupa zilizoachwa zimejaa ndizo kipimo cha ukarimu wa mwenye nyumba, na asubuhi waokota makopo wakijaza magunia, mtaa mzima unajua kwamba kwa fulani palikuwa na shughuli. Sasa namwona mkwe wangu, mzee mwenye heshima zake, ameishika bilauri ya maji ya mtungi, anamgeukia mkewe, anamnong'oneza: "Chupa zimeisha, au ni ukoo ulioishiwa?" Restuta atakwenda kuishi miongoni mwa watu hao. Sitaki aingie kwao kama binti wa yule mzee wa mtungi.

Nilimwita Restuta mwenyewe anisaidie, kwa kuwa siku ni yake. Akasema, "Baba, hivyo ndivyo ninavyotaka. Nimehudhuria sendofu nyingi, sikumbuki hata moja kwa chupa zake." Nikamwambia kwamba labda mdogo wake atakuwa na kazi za chuo siku hiyo. Akasema, "Violeth asiposimama nami, mimi sitoki chumbani. Mtaiaga keki." Mama yao akaongeza neno moja ambalo, kwa kuwa barua hii ni ya kiofisi, sitaliandika.

Kwa hiyo unaona, Mkuu wa Idara, kwamba ndani ya nyumba sina wa kunisikiliza, na ndiyo maana nimekuja kwako. Naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi hiyo.

Kwanza, Violeth aitwe haraka kwenda kwenye mazoezi kwa vitendo nje ya mji. Nilifikiria Hombolo, lakini ni karibu mno kwa mtu mwenye baiskeli na msimamo. Kama mna mahali penye maji mengi, taa chache na miti ya kutosha, ambapo hakuna kitu cha kuokoa, itakuwa bora zaidi. Kuhusu dada yake kukataa kutoka chumbani, nitamweleza kwamba ni agizo la chuo na kwamba hata mimi nimesikitika. Ndiyo maana naomba barua yenu iwe na muhuri.

Pili, katika nafasi ya katibu mtuazime Gaudence. Atafungua kikao kwa maelezo mazuri kuhusu plastiki na vizazi vijavyo, wajumbe watampigia makofi, kisha tutaagiza maji ya chupa.

Tatu, Violeth akirudi, apewe mtihani wa marudio wa kusahau. Niko tayari kuusahihisha bila malipo, na maswali nimeanza kuyatunga. Kwa mfano: "Taa ya baraza inawaka saa saba mchana. Jadili, bila kunyanyuka." Na jingine: "Mtu amekuletea mfuko mpya wakati unao mwingine mkononi. Taja hasara zake, kisha upokee."

Usidhani simpendi binti yangu. Katika watoto wangu ndiye aliyekuwa akinisikiliza nikieleza jambo mpaka mwisho, hata yale marefu. Labda ndicho kilichomponza. Wenzake walijua kwamba mwalimu akisema jambo amelisema, basi. Yeye alidhani anaambiwa.

Wasalimie wahadhiri wote wa idara, na wale waliolitunga dodoso. Waambie mke wangu yuko tayari kuulizwa upya siku isiyo na upepo. Msalimie Gaudence, na umpe hongera ya A. Familia yangu yote inawasalimu, ingawa haijui kwamba nimewaandikia.

Wako katika kuelewa bila kutenda,

Mwalimu (mstaafu) Yoramu Ndahani

Tanbihi: Nilipokwisha kutia sahihi nilikwenda chumbani kutafuta bahasha. Niliporudi sebuleni nilikuta televisheni imezimwa, na hata swichi ya ukutani imezimwa. Kikombe changu cha chai kimesuuzwa, na maji ya kusuuzia yamemwagwa nje kwenye shina la mpapai. Udongo bado ulikuwa umelowa. Nikakasirika. Nikaita "Violeth!" kwa sauti ile ya darasani, wala hakuna aliyeitika. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye na mama yake wamempeleka Restuta kupima gauni tangu asubuhi, na humu ndani nimeshinda peke yangu.

Sasa naomba unijulishe: nafasi hiyo ya mazoezi nje ya mji ni ya mtu mmoja au wawili? Maana ikiwa kila aliyeambukizwa anatakiwa kuondolewa kabla ya Jumamosi, itabidi tuondoke wote wawili, na sijui Restuta atashikwa mkono na baba gani. Nimefikiri, nikaona ni afadhali msifanye lolote. Muhuri uacheni ukae.

Barua hii pia msiitupe. Nyuma ni nyeupe, inaandikika.